Moyo wa Watu wa Kwetu

Leicester, 9 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Wathome,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana wewe tangu zamani husomi ukiwa umesimama. Hamjambo nyote? Magoti ya mama yetu, Mwaitu, yakoje? Mkeo Emily bado anauza mboga pale sokoni Masii? Mwambie Ndanu nimeipata picha yake ya medali na nimeibandika kwenye friji. Wazee ninaowatunza kazini nimewaonyesha wote kwamba huyu ni binti wa ndugu yangu, hata wale wasiokumbuka mimi ni nani.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi za simu. Ni kwa sababu kila nikikupigia na kulitaja jambo hili, mtandao wa Masii unapotea. Juzi ulipotea mara tatu. Nikaona heri barua, hii huwezi kuikata.

Jambo lenyewe ni moyo wangu. Tangu Oktoba nikipanda ngazi pumzi inaniishia, kifua kinabana, na mara mbili nimeona giza nikashika ukuta. Nilienda kliniki ya mtaani kwangu. Daktari akanipima presha, akakuta imepanda kidogo, akatazama kompyuta yake na kuniambia watu wenye asili ya Afrika huanzia kidonge fulani. Hakuniwekea hata chombo cha kusikiliza kifua. Desemba nikarudi. Wakanibandika zile nyaya za kupima umeme wa moyo, mistari ikatoka mibaya. Akasema, "Kwa watu wa kwenu huwa hivi, usiwe na wasiwasi." Nikamuuliza watu wa kwetu ni akina nani, wa Masii au wa Mwala. Hakucheka.

Sasa niko na mwenzangu wa zamu anaitwa Carol, mzungu wa umri wangu. Alienda kliniki hiyohiyo na shida hiyohiyo, na baada ya wiki mbili alikuwa hospitali kubwa anapigwa picha ya moyo. Moyo wake ni mzima kabisa, na nilimfurahia. Lakini wangu hakuna aliyeutazama mpaka leo. Nimekasirika, Wathome, mpaka chai hainishuki.

Wiki iliyopita nilipata daktari mwingine, msichana mdogo tu. Akaniuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: kuna mtu wa familia yako aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Nikamwambia Baba, miaka arobaini na miwili, akipalilia mahindi. Na ndugu yetu mkubwa Makau, thelathini na mmoja, akipakua saruji kule Mavoko. Aliacha kuandika akanitazama. Akasema kama kuna karatasi yoyote ya hospitali inayoonyesha mioyo yao ilikuwaje, atanipeleka kwa mabingwa moja kwa moja. Bila karatasi, wakubwa wake watasema ni presha tu ya watu weusi.

Makau alipasuliwa. Polisi walitaka hivyo kwa sababu alifia kazini. Wewe ndiye uliyetia sahihi, na wewe ndiye uliyepewa ripoti. Nitumie nakala, tafadhali.

Ni mimi mdogo wako,
Mwelu


Masii, 17 Machi 2025

Kwa dada yangu mpendwa Mwelu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na za kanisani pia, maana wiki hii tulikuombea. Barua yako ilikaa posta siku kumi na mbili kabla sijajua iko. Siku hizi sanduku la barua nalifungua kwa ajili ya barua za kanisa tu.

Mwaitu yuko. Magoti yanamsumbua lakini nguvu za kugombana na mbuzi bado anazo. Maharagwe yalinyauka kabla ya kutoa maua, mahindi tukaokota kidogo. Mtaro wa juu ulibomoka na maji ya Novemba, ninautengeneza polepole kabla ya mvua. Habari kubwa ni ya Ndanu. Ameshinda mita elfu tatu hapa wilayani kwetu, na mwalimu wa michezo anasema kuna shule kubwa Machakos mjini inayomtaka Januari, aingie kidato cha tatu kwa mbio zake, tena wamsomeshe bure. Emily ameshaanza kutangaza sokoni.

Kuhusu ugonjwa wako, pole sana. Hata hapa presha imezidi, kila nyumba iko na mtu wa vidonge. Punguza chumvi, punguza na mawazo. Huko peke yako mawazo lazima yawe mengi.

Ile karatasi sina. Ni mambo ya zamani, mchwa wamepita, panya wamepita. Hata kama ningekuwa nayo, karatasi haimfufui mtu. Mambo ya Baba na Makau tuliyamaliza kama ukoo, na kwa neema ya Mungu tumekaa salama tangu siku hiyo. Usiyachimbue ukiwa mbali. Sisi ndio tunaoishi hapa.

Wako,
Wathome


Leicester, 20 Aprili 2025

Wathome,

Nawasalimu, na heri ya Pasaka. Mwambie Ndanu hongera, na Emily aendelee kutangaza. Mimi si mzima, lakini asante kwa ushauri wa chumvi. Daktari wa kwanza aliniambia hivyohivyo, huenda mlisoma darasa moja.

Unasema mchwa. Wewe ambaye umehifadhi risiti ya baiskeli ya Baba, baiskeli yenyewe ikiwa haipo. Wewe ndiye mwandishi wa mikutano ya kanisa. Tafadhali, usinifanye mtoto.

Kwa kuwa hutaki kulitaja, nitalitaja mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne Baba na binamu yake Muthoka walipogombania lile shamba la kando ya mto. Chifu alishindwa, wazee wakashindwa, mwishowe wakala kiapo cha kithitu. Mchungaji hakuambiwa. Kila mtu pale alijua maana yake: anayeapa uwongo hufa, na watu wa nyumba yake humfuata mmojammoja mpaka ardhi irudishwe na kiapo kioshwe. Baba aliapa kwamba shamba ni lake. Baada ya miezi saba akaanguka na jembe mkononi. Mwaitu akakataa kuamini, akaendelea kulima palepale miaka kumi na miwili huku watu wakipita mbali naye njiani. Kisha Makau naye akaanguka. Hapo ndipo wewe ulipomkalisha Mwaitu mbele ya ukoo mzima, akasema kwa kinywa chake kwamba mumewe aliapa uwongo. Mkamrudishia Muthoka shamba, mkachinja mbuzi.

Nilikuwepo, Wathome. Nilishika sufuria. Nilimwona Mwaitu akisema maneno yale akitazama chini, na mimi pia niliyaamini.

Sasa nimekaa hapa na moyo wangu. Huku wananiambia ni rangi yangu, na nyinyi huko mnaniambia ni kiapo cha Baba. Wote mna jibu tayari kabla hamjatazama. Mtu mmoja tu katika familia hii ndiye aliyefunguliwa kifua moyo ukaangaliwa, na wewe uko na karatasi yake.

Nitumie.

Mwelu


Masii, 2 Juni 2025

Dada Mwelu,

Salamu. Tu wazima. Baridi ya Juni imefika mapema.

Nimesoma barua yako na sikuipenda. Ulishika sufuria siku moja, kisha ukapanda ndege. Aliyebaki na jina la familia ni mimi. Watoto wangu wanacheza na watoto wa Muthoka, tunazikana, tunakopeshana mbegu. Tangu tulipochinja yule mbuzi ni miaka kumi na saba, na hakuna mtu wa nyumba hii aliyekufa ghafla. Hata mmoja. Utaniambia ni bahati?

Mimi ni mzee wa kanisa, sipendi kuandika haya mambo. Usiniulize tena.

Ndanu alikimbia tena Jumamosi. Aliongoza mpaka mwisho kisha akaanguka akiwa ameshavuka mstari, lakini ni njaa tu, alikuwa ametoka bila chai. Aliamka baada ya dakika chache. Mwaitu anakusalimu.

Wathome


Leicester, 21 Juni 2025

Wathome,

Leo sisalimii.

Mtoto wa miaka kumi na tano anakimbia, anaanguka, anazimia dakika chache, na wewe unaandika chai. Umeiweka mwishoni kabisa, baada ya baridi na mbegu, kama ambavyo Mwaitu huficha habari mbaya chini ya unga. Nilisoma mstari huo nikiwa kazini, ikabidi Carol animalizie kumwogesha mgonjwa.

Nisikilize vizuri, nitaeleza kama nilivyoelezwa na yule daktari mdogo. Kuna ugonjwa ambao misuli ya moyo inakuwa minene kuliko inavyotakiwa. Damu haipiti vizuri, umeme wa moyo unavurugika, na moyo unaweza kusimama ghafla, hasa mtu akitumia nguvu. Kulima, kubeba saruji, kukimbia. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuurithi au akaponea, ni nusu kwa nusu. Unaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi asijue anao. Kwa mweusi, daktari akiona moyo mnene haraka anasema ni presha, anafunga faili. Ndivyo walivyonifanya. Aliniambia hili kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, akaniomba nisimtaje.

Ukikataa kunitumia mimi ripoti, basi kataa. Lakini ichukue mwenyewe, umshike Ndanu mkono, umpeleke kwa daktari wa moyo. Mpaka hapo asikimbie hata kwenda dukani. Kama unaamini mbuzi alimaliza kazi, daktari hatapata kitu na wewe utakuwa umenishinda. Unaogopa nini?

Mwelu


Masii, 30 Agosti 2025

Kwa Mwelu,

Nimechelewa. Niliandika barua nne nikazichoma jikoni. Emily aliniuliza mbona nawasha moto kwa karatasi nzuri.

Ripoti ya Makau iko ndani ya bahasha hii. Nimebaki na nakala. Ilikuwa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, imefungwa na nailoni. Hakuna mchwa.

Uliuliza naogopa nini. Tulichinja mbuzi Jumamosi. Ripoti niliichukua Jumanne iliyofuata, polisi walikuwa wameichelewesha. Nilisimama nje ya kituo pale Mavoko nikaisoma. Umekosea kwamba sisomi nikiwa nimesimama, hiyo niliisoma. Imeandikwa moyo ulikuwa mzito karibu mara mbili ya kawaida, kuta nene, hakuna sumu, hakuna jeraha. Sikuelewa kila neno, lakini nilielewa kwamba Makau alikuwa na moyo mgonjwa. Na kama Makau alikuwa nao, Baba je?

Ningefanya nini, Mwelu? Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu nimlazimishe mama yetu kumwita mumewe mwongo mbele ya watu wote waliomzika. Hakutaka. Usiku kucha alinikatalia, akisema Baba Makau hakuwa mtu wa uwongo. Nilimwambia, unataka nife mimi, kisha Mwelu? Ndipo akakubali. Alikubali kwa ajili yetu. Ningerudi nyumbani nimwambie nini?

Nikasema moyoni, wacha ikae. Mwaka ukapita, hakuna aliyekufa. Wa pili, wa tatu. Nikaanza kuamini mbuzi kwa nguvu kuliko hata wazee, kwa sababu nilihitaji awe kweli. Ndanu alipoanguka, wa kwanza kuikumbuka ile karatasi nilikuwa mimi, kabla hata ya mwalimu kummwagia maji. Nikakuandikia chai. Nisamehe, ingawa najua hutanisamehe haraka, nakujua.

Mbio nimezisimamisha. Nimemwambia ni mpaka mguu upone. Mguu wake hauna kitu, na yeye anajua hauna kitu.

Mwaitu bado sijamwambia.

Ndugu yako,
Wathome


Leicester, 26 Oktoba 2025

Kwa ndugu yangu Wathome,

Hamjambo? Mvua imeanza? Ndanu anaendeleaje? Andika habari zake mwanzoni mwa barua, usizifiche mwishoni.

Karatasi ilifika. Daktari mdogo alipoisoma alinyanyua simu palepale, mimi nikiwa bado kitini. Siku tisa baadaye nilipigwa picha ya moyo. Ni ule ule. Kuta nene, tena pabaya. Wiki iliyopita wamenipasua kidogo chini ya bega wakaniwekea mashine ndogo kama sanduku la kiberiti, ya kuushtua moyo ukitaka kusimama. Sikulipa kitu. Nimelala hospitali siku mbili tu, Carol akaniletea supu isiyo na chumvi wala ladha.

Ningekuwa nafurahi, lakini hasira imenizuia. Daktari mkubwa alikuja kitandani akasema, "Kesi yako ilikuwa ngumu kutambua." Ugumu gani? Nilikuwa mbele yao mwaka mzima nikisema kifua, giza, pumzi. Mwili wangu ulio hai hawakuuamini. Wakaja kumwamini Makau aliyekufa, kwa sababu yeye yuko na muhuri. Nilimwambia hivyo, kwa Kiingereza changu kibovu cha hasira, na yeye akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana wasiwasi.

Umesema sitakusamehe haraka. Ni kweli. Nikifikiria ningeanguka bafuni na mgonjwa wa watu mikononi huku karatasi imefungwa kwa nailoni chini ya kitanda chako, nataka kukupiga. Lakini uliituma. Hilo pia naliandika.

Wamenipa barua rasmi ya familia, nimeifunga humu. Inasema wewe na Ndanu lazima mpimwe picha ya moyo. Mpeleke mwezi huu. Na Mwaitu umwambie wewe. Mimi sitakusaidia hapo.

Mwelu


Masii, 14 Desemba 2025

Kwa dada yangu Mwelu,

Umesema habari za Ndanu ziwe mwanzoni. Anao.

Tulienda Machakos mjini mara tatu. Daktari wa moyo huja kutoka Nairobi Alhamisi moja moja, mara ya kwanza hakuja, mara ya pili mashine ilikuwa na shida. Mara ya tatu tulikaa benchi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, sisi na mzee Isak anayeuza ngozi za mbuzi, naye alikuwa amemleta mkewe kwa mara ya tano. Nilipimwa pia. Wangu umeanza kuwa mnene lakini kidogo, naweza kuzeeka nao. Wa Ndanu ndio mbaya. Daktari mwenyewe ni Mkamba mwenzetu, mtu wa upande wa Katangi, na aliniambia bila kuona haya kwamba asingesoma ripoti ya Makau na barua yako angeandika presha ya ujana akatupa vidonge. Alisema vitabu alivyosomea viliandikwa kwa kupima wazungu, na watu kama sisi hakuna aliyekaa chini akatupima vya kutosha. Kwa hiyo dada, walewale waliokupuuza huko ndio walioandika vitabu vya huku. Nilikasirika mpaka nikakosa adabu mbele yake.

Nilimuuliza kuhusu mashine kama yako. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Alisema iko Nairobi kwa mwenye uwezo, na hata akiuza shamba mtu kama mimi hafiki. Nikamwambia shamba lenyewe tulishalitoa. Hakuelewa, nami sikumweleza. Ndanu ameandikiwa vidonge na kuambiwa asikimbie. Basi. Ile shule imemwandikia kwamba nafasi yake imepewa mwingine.

Mwaitu nilimwambia Jumapili baada ya ibada. Alinitaka nisome ripoti mara mbili kwa Kiswahili, kisha mara ya tatu kwa Kikamba. Hakulia. Alisema, "Kwa hiyo Baba Makau alisema kweli." Nikasema huenda. Akasema, "Usiniambie huenda." Tangu siku hiyo anajipikia mwenyewe, chakula changu hali. Asubuhi anaenda kaburini na kukaa huko mpaka jua likolee. Emily alimfuata akamsikia akizungumza, akarudi bila kusikiliza. Kuhusu Muthoka na shamba, sijui nitaanza wapi. Ni mzee sana sasa na ananiita mwanangu.

Jana Ndanu alikuja nikiwa kwenye mtaro. Aliuliza kama ni kweli shangazi amewekewa mashine. Nikasema ni kweli. Akauliza kama shangazi anaruhusiwa kukimbia. Nikamwambia shangazi yako hajawahi kukimbia hata kumfukuza kuku, lakini akitaka kutembea haraka anaruhusiwa. Akasema, "Lakini moyo wangu na wake si ni uleule?" Nikasema ni uleule. Akasema, "Na yeye huko si ndiye aliyekataliwa kwa sababu ni mweusi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa mimi nakataliwa kwa nini, na hapa sote ni weusi?"

Mwelu, miaka kumi na saba nilinyamaza nikijua ninachokificha. Jana nilimwambia swali hilo nitakutumia wewe. Anangoja. Mwandikie wewe, na umwandikie yeye mwenyewe, bahasha iwe na jina lake.

Wathome